Mafaili Kumi ya Mfano

Saa moja na robo asubuhi foleni ya dirisha la mafaili ilikuwa imeshapinda kona ya maabara, na Bi Faili alikuwa hajaketi. Alisimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono mmoja umeng'ang'ania rafu, mwingine ukipekua safu ya juu kabisa, maana ngazi aliyoiomba ilikuwa mwaka wa kumi na moja sasa "inashughulikiwa". Jina la Bi Faili hakupewa na wazazi wake. Alipewa na hospitali, na baada ya miaka kumi na tisa ndani ya chumba kile, hata mumewe alimwita hivyo akitaka kumtania.

"Kadi, mzee wangu."

"Kadi imeliwa na panya, mwanangu."

"Panya wa kwako au wa kwetu?"

Foleni ikacheka. Mzee mwenyewe akacheka, kisha akakohoa.

"Mara ya mwisho ulikuja na nani?"

"Na mkwe wangu. Yule anayeshona viatu stendi."

Bi Faili akamtazama kutoka juu ya ndoo. "Mvua zilikuwa zinanyesha. Ulikuwa unachechemea mguu wa kushoto." Akashuka, akaenda rafu ya tatu, akavuta faili lililoliwa pembeni, akalipitisha dirishani. "Haya, baba. Chumba cha pili, ukapimwe presha." Dakika mbili hazikutimia.

Wagonjwa wapya ndio waliokuwa na shida. Majalada yalikwisha miezi minne nyuma, kwa hiyo kila mgeni aliambiwa akanunue daftari la shule kwenye kibanda cha getini. Bei ya daftari ilipanda mara tatu katika miezi hiyo, kwani mwenye kibanda naye hakuwa mjinga. Aliyelalamika alijibiwa neno moja: mfumo. Subirini mfumo. Fedha za majalada zimewekwa kwenye mfumo. Fedha za glavu nazo, na za taa ya korido. Kwa namna watu walivyoutaja, ungedhani mfumo ni mgeni mkubwa anayesafiri na ukoo mzima.

"Shikamoo, Dada."

Bi Faili aliijua sauti ile bila kugeuka. "Marahaba," akaiambia rafu.

Aliyesalimu alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Miaka saba iliyopita aliingia mjini na begi moja na cheti cha sekondari, akalala miaka miwili kwenye kochi la sebuleni kwa Bi Faili, akala kwenye sufuria ya Bi Faili. Bi Faili ndiye aliyempigia magoti muuguzi mkuu wa wakati ule mpaka binti akapewa kibarua cha kupanga mafaili. Ndiye aliyemfundisha kazi: anza na jina la ukoo, usilambe kidole, faili likipotea ujue mtu amepotea. Kisha ikaja kozi ya kompyuta ya wiki mbili. Nafasi ilikuwa moja, na waraka ulisema wenye umri chini ya miaka thelathini na mitano. Bi Faili alikuwa na arobaini na sita. Mdogo wake akaenda, akarudi na cheti chenye fremu, na sasa shingoni alivaa kitambulisho cha kamba ya buluu kilichoandikwa MRATIBU WA MFUMO. Hospitali nzima ilimwita Mratibu.

Mambo makubwa hayakumuuma sana Bi Faili. Cheti angekimeza. Kilichomkaba koo ni vidogo vidogo. Kile chumba chenye ufunguo wake, na feni ndani yake, ambayo ukipita kizingitini upepo wake unakupapasa shingo kama dharau. Mfamasia, aliyekuwa akipiga kelele dirishani "We mama, faili!", ambaye sasa alimwinamia binti yule, "Habari za kazi, Mratibu?" Na siku lilipobandikwa tangazo la kamati ya kuchagua mfumo: mganga mkuu, mhasibu, muuguzi mkuu, mfamasia, mratibu. Bi Faili alilisoma mara tatu, hata akafunua kona ya karatasi aone kama nyuma yake kuna ukurasa wa pili. Fundi wa maabara alikuwa kasimama hapo hapo. "Bi Faili, mfumo ukija, wewe tutakupanga rafu gani?" Watu wakaangua kicheko. Mdogo wake naye alicheka. Alifunika mdomo kwa kiganja, lakini alicheka, na kicheko kile kilikaa kifuani mwa Bi Faili kama mfupa wa samaki.

"Dada," Mratibu akasema sasa, akiegemea mlango, "leo ndiyo siku ya kampuni kuonyesha mifumo yao. Nahitaji mafaili kumi ya mfano. Saa nne, ukumbini."

"Kachukue. Rafu si unazijua?"

"Nataka yale magumu. Yale yanayokusumbua wewe mwenyewe."

"Mtaalamu ni nani hapa? Mimi au wewe?"

"Dada, jamani. Mimi nitayajulia wapi? Wewe ndiye unayewajua wagonjwa hawa."

Maneno yale yangeweza kuwa sifa. Yalipofika masikioni mwa Bi Faili yalikuwa ya kutumwa dukani. "Nimesikia," akasema, na binti akasimama kidogo, kama mwenye neno jingine. Lakini foleni ilikuwa inaguna, na Bi Faili alikuwa ameshampa mgongo. Visigino vipya vikalia ko, ko, ko, mpaka mwisho wa korido.

Saa tatu na nusu Bi Faili alifunga dirisha kwa dakika kumi, akaanza kuchagua. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mpishi kwenye chumvi. Faili la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mgonjwa wa presha. La pili la mjukuu wake, msichana aliyepewa jina la bibi yake huyo, la kwanza kwa la kwanza, ukoo kwa ukoo. Waliishi nyumba moja, na simu yao ilikuwa moja, ya baba wa msichana. Bibi hakuwa na neno na dawa yoyote. Mjukuu, sindano ya penisilini ilipomwingia mara moja tu, uso ulivimba hadi macho yakafumba, na nusura pumzi ikatike. Juu ya faili lake Bi Faili aliandika kwa wino mwekundu: SI BIBI. Walikuwapo wengine: mapacha, wake wenza, familia nzima zilizoandikishwa kwa simu ya mwenye nyumba. Akatoa kumi yaliyojaa mitego, akayapanga mezani, na kwa muda mfupi akaona fahari. Kamati ingekaa pale na ingejua kwamba chumba hiki kina mtu.

Halafu akawaza: fahari ya nani?

Angeyapeleka yeye, kisha mdogo wake angesimama na kamba yake ya buluu, aseme, "Mafaili haya nimeyaandaa." Mganga mkuu angetikisa kichwa. Mratibu hodari. Mfinyanzi hulia gaeni. Lakini mfinyanzi huyu alikuwa anatakiwa hata gae lenyewe alioshe kwanza ndipo amkabidhi mwingine alie chakula.

Akayarudisha. Moja baada ya jingine, kila moja mahali pake. Akatoa kumi mengine, masafi, ya watu wenye majina ya peke yao, wenye simu zao mifukoni, wanaojua siku waliyozaliwa: mwalimu, karani wa benki, askari wa bandari kavu na wengine wa namna hiyo. "Waulete mfumo wao," akasema kwa sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu. "Ukianguka, utamwangukia mwenyewe."

Ukumbini aliambiwa akae kiti cha mlangoni, kwa sababu kwa kanuni mafaili hayawezi kubaki popote bila mtunzaji. Kampuni zilizoitwa zilikuwa tatu, moja haikutokea. Aliyeanza alikuwa mwanamke peke yake, mtengeneza programu, wa rika la Bi Faili au pungufu kidogo, na kompyuta ndogo iliyozungushiwa utepe pembeni. Kabla ya kuiwasha aliuliza, "Samahani, mtunza mafaili wenu ni nani?"

Vichwa viligeuka kana kwamba kaulizia jiko.

"Ni yule," alisema Mratibu upesi.

"Mama, habari za kazi. Wagonjwa wako unawatofautishaje?"

Bi Faili akainuka kidogo kitini. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza. Akafungua mdomo, lakini mganga mkuu alikuwa ameshatazama saa. "Mama, tuonyeshe mfumo. Muda hatuna." Mwanamke yule akaendelea. Skrini yake ilikuwa ya kijivu, haina madoido. Kila mgonjwa alipewa namba yake mwenyewe, na mfumo ulifanya kazi hata mtandao ukikatika. Mhasibu alipiga miayo miwili. Bi Faili alimtazama mwanamke yule jinsi alivyosimama wima mbele za wakubwa, asiyetetemeka, na badala ya kumpenda akamwonea gere naye. Naye pia kuna mtu alimpa kozi, aliwaza. Naye pia kuna mtu alimfungulia mlango.

Kampuni ya pili iliingia na wanaume watatu, kreti za soda baridi, na mkoba wa ngozi kwa kila mjumbe. Mkubwa wao alivaa viatu vyenye ncha kali kiasi cha kutoboa embe. Aliunganisha mashine na projekta, ukuta mzima ukang'aa, na muuguzi mkuu akasema "Ala!" bila kujizuia.

"Mfumo wetu hauna longolongo," alisema Ncha Kali. "Namba ya mgonjwa ni namba yake ya simu. Basi. Binadamu wa leo atasahau jina la mkwewe, simu yake hasahau. Naomba mafaili yenu."

Bi Faili akapeleka. Ncha Kali akaingiza la kwanza: mwalimu, namba ya simu, historia yake yote ikatokea ukutani. La pili. La tatu. Kumi yakaisha kabla soda hazijapoteza baridi. Watu wakapiga makofi.

Katika makofi yale Mratibu akainua mkono. "Na wagonjwa wawili wakitumia simu moja?"

"Swali zuri, dada yangu." Ncha Kali akatabasamu. "Hiyo ni nadra. Mfumo utawachukulia kuwa mtu mmoja, kisha mnarekebisha. Lakini angalieni wenyewe: mmeleta mafaili kumi ya hospitali yenu, na hakuna hata moja lenye tatizo hilo. Au nimekosea?"

Mratibu akalivuta rundo, akafunua la juu, akafunua la pili, la tatu. Bi Faili alimwona anavyopitisha macho kwenye majina, anavyoanza kuelewa. Binti akainua uso, akatazama mlangoni.

"Dada?"

Mganga mkuu naye akageuka. "Ndiyo, karani. Wagonjwa wa namna hiyo tunao?"

Projekta ilikuwa inavuma. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa neno moja. Wapo. Bi Faili akamwona bibi na mjukuu wake. Akaiona na kamba ya buluu, na ule mkono uliofunika mdomo.

"Mimi ni karani wa mafaili tu, mheshimiwa," akasema. "Mambo ya mfumo muulizeni Mratibu."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Mganga mkuu akasema, "Sawa, tuendelee," na karatasi za alama zikagawiwa. Kampuni ya viatu vya ncha ilipata tisini na mbili. Mwanamke wa kompyuta yenye utepe alipata arobaini na moja, akawashukuru wote kwa muda wao, akatoka akipita mbele ya Bi Faili. "Kazi njema, mama," akamwambia.

Mratibu aliingia chumba cha mafaili saa saba, foleni ilipopungua. Hakusalimu. Alifunga mlango kwa nyuma.

"Umenifanyia nini, Dada?"

"Umeomba mafaili kumi, nimekupa kumi. Hesabu."

"Nilikuomba magumu!"

"Ulinituma. Hukuniomba."

Binti akakaa juu ya ile ndoo, visigino vyake vikaelekea pembeni kama vya mtoto aliyevaa viatu vya mama. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wiki mbili zilizopita mganga mkuu alinipa karatasi ya alama. Ilikuwa imeshajazwa, kwa penseli. Tisini na mbili, arobaini na moja. Kazi yetu leo ilikuwa kupitisha kalamu juu ya penseli. Umenielewa? Kampuni ilichaguliwa huko juu hata kabla hatujaitwa kamati. Lakini kuna kipengele kimoja kwenye kanuni walisahau kukifuta: mfumo ukishindwa jaribio la mafaili ya hospitali yenyewe, unaondolewa, hata uwe na mia. Nililipata hilo usiku wa tatu wa kusoma makaratasi yale. Nikasema, Dada yupo. Dada ana mafaili yatakayowavua nguo."

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Faili aliuliza.

"Ningekuambia wakati gani? Hunitazami. Tangu nitoke kozi unaniitikia kwa mgongo. Leo nilisimama pale mlangoni nikitafuta pa kuanzia, ukazungumza na rafu."

"Ulinicheka siku ile ya tangazo."

"Nilicheka." Binti hakukana. "Nilicheka kwa sababu wote walicheka, na mimi nilikuwa mgeni kwenye upande wa wanaocheka. Ilinipendeza, Dada, nisikudanganye. Kuitwa Mratibu kunanipendeza. Lakini jina lako ndilo la kwanza nililopendekeza liwekwe kwenye kamati. Mganga mkuu alilikata kwa kalamu: hana cheti cha kompyuta. Mshahara wangu ni uleule wa karani. Mkataba wa huo uratibu ni miezi sita. Na feni unayoikodolea macho kila ukipita ni ya mashine, si yangu. Mashine ikizimwa, naambiwa nizime na feni."

Nje mtu aligonga dirisha akiuliza kama wamefunga.

"Umesaini?" aliuliza Bi Faili.

"Nimesaini. Ningekataa kwa ushahidi gani?"

Bi Faili alichukua mafaili mawili, la bibi na la mjukuu, akaenda zake. Korido ya utawala ilikuwa imefagiliwa na kunukia dawa ya sakafu. Alikaa kwenye benchi saa moja na nusu, huku mganga mkuu akiwa "na wageni", na wageni walipotoka alimtambua mmoja kwa viatu.

Mganga mkuu alimsikiliza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alifunua mafaili yote mawili, akasoma yale maandishi mekundu, akayafunga.

"Ungesema kule mkutanoni, mama."

"Nilikosea, mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja. Hawa ni wawili tu, lakini wapo zaidi ya mia mbili. Nawajua kwa kichwa."

"Kwa kichwa." Alitabasamu kwa huruma. "Ndiyo maana tunaleta mfumo, mama, tuache kuendesha hospitali kwa vichwa. Muhtasari umeshasainiwa. Kasoro ndogo ndogo zitarekebishwa mbele ya safari. Wewe umeulizwa mbele ya mashahidi, hukusema. Sasa mimi nikiufungua muhtasari nitaandika nini? Kwamba karani kaota?"

"Andika kwamba mtoto anaweza kufa."

"Mchana mwema, mama."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Katika chumba cha nje, katibu wa mganga mkuu alikuwa anafunika mashine yake kwa kitambaa. Bi Faili akaomba karatasi. Katibu akampa moja, akamwonya asiiharibu, maana nazo zilikuwa za kuhesabiwa. Bi Faili akaandika amesimama, kwa ule mwandiko wake wa juu ya mafaili, mkubwa na wazi:

*Mimi mtunza mafaili wa hospitali hii niliulizwa leo mbele ya kamati kama tunao wagonjwa wawili wanaotumia simu moja. Nilijua wapo na sikusema. Wapo zaidi ya mia mbili. Mfumo uliochaguliwa utawafanya kuwa mtu mmoja, na dawa ya mmoja itampata mwenzake. Mratibu aliuliza swali hilo kama ilivyompasa. Mimi ndiye niliyeficha, kwa wivu.*

Akasukuma karatasi juu ya meza. "Naomba unigongee muhuri wa kupokelewa."

Katibu akasoma, midomo ikicheza. Akarudia mstari wa mwisho. "Wivu? Barua ya ofisi haiandikwi wivu, mama."

"Ndiyo sababu yenyewe."

"Weka 'kwa bahati mbaya'."

"Haikuwa bahati mbaya."

"Hii itakuletea kesi. Mimi nakwambia kama dada. Uichane, uende nyumbani ukapike." Akatazama saa ya ukutani. "Halafu muhuri mwisho saa tisa na nusu."

"Nitasubiri mpaka kesho saa moja na nusu," Bi Faili akasema, akavuta kiti, akakaa. Aliyaweka mafaili mawili mapajani, akaikunja mikono juu yake. Katibu akazima taa. Bi Faili hakusogea. Katibu akachukua mkoba, akafika mlangoni, akatikisa funguo. Bi Faili akamtazama tu, kwa utulivu wa mtu aliyezoea foleni kutoka upande wa pili.

"Wallahi wewe mama ni mzigo," katibu akasema. Akarudi, akawasha taa, akafungua droo, akagonga muhuri kwa hasira hata kalamu zikaruka. Bi Faili akaomba aandike na saa. Akaandika.

Mdogo wake alikuwa anamsubiri getini, viatu mkononi, ameshachoshwa na visigino. Wakaanza kutembea.

"Umenitaja?" binti aliuliza.

"Nimesema uliuliza swali. Ulisaini, hilo sikulitaja. Hilo ni lako."

Binti akaitikia kwa kichwa. Baadaye kidogo akasema, "Watakuhamisha, Dada."

"Wanihamishe."

Barua yake haikujibiwa, ila ilisomwa. Siku ya nne alipokea ya kumhamishia getini, kugawa namba za foleni, "kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe kwamba hakutekeleza wajibu wake kwa uaminifu". Mafaili yalipelekwa bohari ya nyuma, chini ya bati, na chumba kikapakwa rangi kwa ajili ya mashine. Siku ya uzinduzi mganga mkuu alikata utepe, na Ncha Kali akampa mkono mbele ya kamera. Fundi wa maabara alimpitia Bi Faili kwenye kiti chake cha plastiki, akafungua mdomo kutania, akaufunga.

Namba za foleni zilikatwa kwenye maboksi ya dawa yaliyokwisha. Upande wa mbele namba, upande wa nyuma patupu. Bi Faili alikuja na kalamu yake ya wino mwekundu kutoka nyumbani. Kila aliyepita alimuuliza, "Simu hii ni yako peke yako?" Asipokuwa na uhakika, aligeuza kipande cha boksi, akaandika nyuma. *Pacha wa pili, mwenye kovu kidevuni.* *Mke mdogo. Damu yake si ya mkubwa.* *Baba, siyo mwana.* Mgonjwa alikipeleka kile kipande ndani, akakikabidhi kwa Mratibu pamoja na namba yake ya simu, na Mratibu alikisoma kabla ya kugusa kitufe chochote.

Mwezi wa pili walikuja wakaguzi kutoka juu, kuona mfumo unavyofanya kazi. Mmoja wao, mama mwenye miwani, alisimama nyuma ya Mratibu, akauliza, "Na hivyo vipande vya maboksi vya nini?"

"Namba za foleni tu," mganga mkuu akajibu.

Mratibu alikuwa ameshika kimoja mkononi, maandishi mekundu yakimtazama. Akakisoma hadi mwisho, polepole, mkaguzi akisubiri, mganga mkuu akisubiri, foleni nzima ikisubiri. Ndipo akaita mgonjwa.